Saba na Kumi Chini ya Paa Moja

"Mama, ukiiachia, na mimi nitaiachia," alisema binti yangu.

"Anza wewe."

"Nikianza mimi utakimbia nayo chumbani ufunge mlango."

Amenisoma vizuri mtoto huyu. Ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga.

Tulikuwa tumesimama sebuleni, kila mmoja kashika upande wake wa kompyuta mpakato, kama wateja wawili waliokutana kwenye kitambaa cha mwisho dukani. Yeye alishika kioo, mimi nilishika vitufe. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, bawaba moja imelegea, na nilijua tukizidi kuvutana itapasuka katikati na kila mtu ataondoka na nusu ya haki yake.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakutuambia tuache. Alituomba tu kwamba kabla hatujaipasua, tumpe amalizie karata zake zilizomo humo, kwa kuwa alibakiza shupaza peke yake.

Sasa nisimame kidogo hapa kwa ajili ya waliochelewa kuingia katika mkasa huu, maana msomaji aliyepotea ni kama mteja aliyepotea: harudi. Kiwanda nilikokuwa mtunza ghala kilifungwa, na stashahada yangu ya ugavi ikabaki ukutani ikila vumbi. Nikanunua mashine ya kudarizi iliyokwishatumika, ya kutia nembo kwenye sare, nikaiweka chumba cha nyuma. Paa likavuja juu yake. Msichana niliyemfundisha kazi akaondoka na wateja wangu na kufungua duka mtaa wa pili. Kwaya ikanirudishia sare zote kwa kuwa nembo zilikaa kulia badala ya kushoto.

Wiki iliyopita niliwaacha nikitoka ofisini kwa Mwalimu Mkuu nikirukaruka kama ndama. Amenipa nembo za masweta ya shule nzima, kwa sharti moja: Jumatatu asubuhi kila mtoto asimame mstarini na nembo kifuani. La sivyo kazi inakwenda kwa yule yule msichana wa mtaa wa pili.

Nilidhani mikosi yangu imechoka. Kumbe ilikuwa imekwenda kunywa maji.

Mashine ya kudarizi haina akili yake yenyewe. Inaamrishwa na kompyuta, na si kompyuta yoyote, ni hii hii tuliyokuwa tukiivuta. Aliyeniuzia aliviuza pamoja kama kitanda na godoro, akaniambia hivi viwili vimezaliwa siku moja, nisivitenganishe na nisiviguse. Programu ya kudarizi imo humo tu. Haina CD, haiko kwenye mtandao, na walioitengeneza walishafunga shughuli zao. Nayo inakubali kukaa kwenye Windows Saba peke yake, mfumo wa zamani kiasi kwamba hata wenyewe walioutoa hawaushughulikii tena.

Upande wa pili kulikuwa na binti yangu, kifunguamimba, na mtihani wake wa kuingia chuo cha uuguzi. Mtihani wenyewe unafanywa nyumbani kwa mtandao, kamera ikikutazama usije ukachungulia, na ulikuwa kesho yake, Jumamosi asubuhi. Kompyuta aliyoiandikisha ni hii. Chuo kimeshaijua namba yake na hakikubali nyingine, kwa hiyo ya kuazima haisaidii. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alipoifungua programu ya mtihani kuijaribu, ikamjibu kwamba mfumo uliomo umepitwa na wakati. Aweke Kumi au zaidi.

Basi hesabu ndiyo hiyo. Saba ikibaki, mwanangu anakaa nyumbani mwaka mwingine. Saba ikifutwa na Kumi ikaingia, programu ya kudarizi inakufa nayo, na mashine yangu inageuka meza yenye sindano.

"Mama, Saba imekufa," binti aliniambia. "Wenyewe wameshaizika."

"Maiti gani inayolisha watu?"

"Unafikiria nembo tu."

"Na wewe unafikiri ada ya chuo inalipwa kwa hewa?"

Hapo Mama mkwe akatoa uamuzi wake: Saba isiguswe. Nilishtuka. Tangu niolewe na mwanawe, yeye na mimi hatujawahi kuwa upande mmoja wa jambo lolote, hata kiasi cha chumvi. Furaha yangu haikudumu. Sababu yake ilikuwa karata. Mchezo wake umo ndani ya Saba, na alisikia kwa jirani kwamba ndani ya Kumi wamezihamisha karata na kuzipamba mpaka mtu hazijui. Nikaelewa kwamba muungano wetu ni wa maslahi. Lakini mfa maji hukamata maji, nikampa mkono.

Mume wangu alitokea chumbani amebeba viatu vyake vya mpira. Yeye anachezea timu ya maveterani. Tuseme anakalia benchi la timu ya maveterani. Mechi ilikuwa jioni lakini huwahi kila mara, wasije wakamhitaji wakamkosa. Alitutazama, akatazama kompyuta, akasema kila kitu kina njia ya katikati.

Mume wangu ni mtu wa katikati. Ukimuuliza atakunywa chai au maji, atakuambia maji ya moto. Alisema tumwite Injinia, akaondoka akipiga mluzi.

Injinia ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Anauza makava ya simu. Jina la Injinia alijipa mwenyewe, na ukoo mzima ukalipokea kwa sababu hakuna aliyetaka ugomvi. Katika ukoo huu huwezi kupeleka kitu kilichoharibika kwa fundi wa nje ilhali Injinia yu hai. Niliwahi kupeleka pasi kwa mtu mwingine. Shemeji alisusa chakula changu msimu mzima, akawa anakula kwa jirani mlango ukiwa wazi, ili nione.

Alikuja na begi mgongoni na flashi mbili zimening'inia shingoni kama hirizi.

"Shemeji, kwanza tulia," akaniambia.

Sijawahi kutulia kwa kuambiwa. Nilimweleza shida yote kwa mkupuo, Saba, Kumi, mashine, mtihani. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema sote tunafikiria udogo. Mtu akienda dukani hachagui kiatu cha juzi wala cha jana. Yeye angetuwekea Kumi na Moja, ya kisasa kabisa.

Akachomeka flashi. Kompyuta ikawaza. Ikatoa maandishi. Shemeji akayasoma kimyakimya, akachomoa, akaifuta flashi kwenye suruali, akachomeka tena. Maandishi yale yale.

Mama mkwe akataka kujua inasema nini.

"Inasema haikidhi vigezo, Mama. Ni nzee mno."

"Isijali," Mama mkwe aliiambia kompyuta. "Hata mimi daktari wa macho aliniambia hivyo hivyo, na shupaza naiona."

Tukarudi kwa Kumi. Hapo Shemeji akaleta habari iliyonifanya nimwone kweli injinia. Alisema si lazima Saba ifutwe. Kumi inaweza kuingia juu ya Saba, programu zote zikabaki mahali pake, kama kubadilisha paa watu wakiwa ndani ya nyumba.

Kwa mapaa mimi nina historia, mnaijua. Nikauliza likivuja je? Akasema kuna mlango wa kurudi. Nisiporidhika ananirudishia Saba kama ilivyokuwa. Nilimtaka aape kwa mama yake, maana mama yake alikuwa amekaa pale pale. Mama mkwe akasema yeye asiapiwe, mtu aape kwa hizo flashi zake.

Ikafanyika. Kompyuta ilizima, ikawaka, ikazima tena, ikahesabu, ikatuomba subira kwa upole kama karani wa benki. Ilipofunguka, Kumi ilikuwa imekaa kitini na vitu vyote vipo. Binti akafungua programu ya mtihani. Ikamkaribisha kwa jina. Alicheza sebule nzima, akamnyanyua na bibi yake.

Mimi nikaipeleka kompyuta chumba cha nyuma, nikachomeka waya wa mashine. Programu ya kudarizi ikafunguka. Nikachagua nembo ya shule, mwenge juu ya kitabu kilichofunuliwa, nikabonyeza. Mashine ikaguna, ikaanza kushona. Niliwaita wote waje waone muujiza.

Nilipokata nyuzi na kugeuza sweta, sote tuliinama kuitazama nembo.

Alikuwa kuku. Mwenge umekuwa shingo, kitabu kimekuwa mabawa, na ule moto wa juu umekaa kichwani kama kofia.

"Ukiitazama kwa mbali, Mama..." binti alianza.

"Kwa mbali ni kuku."

Nikashona nyingine. Kuku tena, safari hii anatazama upande wa pili. Kumi na mashine yangu walikuwa hawaelewani hata kidogo. Shemeji alishauri kwamba nembo ni mazoea tu, na kwamba baada ya muhula mmoja wanafunzi wangempenda. Nilimtazama. Akaenda kuufungua mlango wa kurudi bila kuambiwa.

Saba ikarudi. Nikashona mara ya tatu. Mwenge ulitoka mwenge, kitabu kitabu. Nilitaka kupiga vigelegele, nikageuka, nikamwona binti yangu amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani.

Hakulia. Angelia ningepata la kumjibu.

"Basi, Mama," alisema. "Shona. Mtihani nitafanya mwakani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita siku nzima, maneno ninayo, pumzi ninayo. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyeweka silaha chini. Nikarudi sebuleni na kompyuta kwapani. Nilimkuta Shemeji anafunga begi lake.

Nikamuuliza: hawa wawili, Saba na Kumi, hawawezi kuishi pamoja ndani ya kompyuta moja, kila mmoja na lake?

Alijikuna kisogo kana kwamba nimemuuliza jambo la aibu.

"Inawezekana," alisema. "Lakini hiyo ni mitala, Shemeji. Kila mmoja atataka chumba chake. Na ukiwasha tu, itakuuliza leo unalala kwa nani."

"Mchana kutwa ulikuwa unalijua hilo?"

"Hukuuliza."

Nilimwambia alifungue tena hilo begi.

Tatizo la mitala siku zote ni vyumba. Kumi ilipoingia juu ya Saba ililalia kitanda cha Saba, nafasi ikatosha. Sasa ilitaka chumba chake, na Shemeji alipotazama akakuta kompyuta imejaa hadi kooni. Nami nina stashahada ya ugavi. Ghala likijaa hujengi ghala jingine. Unatembea kati ya rafu na kujiuliza: nini kimekaa hapa na hakitoki?

Tukatembea. Nembo zangu hazikuchukua hata kona. Vitabu vya binti, vivyo hivyo. Kisha tukafika kwenye mzigo wenyewe, mzito kama shehena ya saruji, wa mume wangu, na juu yake ameandika MECHI. USIGUSE.

Mechi zote za maveterani. Kila iliyowahi kurekodiwa na mtu yeyote mwenye kamera.

Tulianza kuzifungua moja moja. Huyu hapa mume wangu yuko benchi, taulo begani. Nyingine, yuko benchi, taulo kichwani. Nyingine inanyesha na yuko benchi chini ya mwavuli na kocha. Niliogopa Mama mkwe angemtetea mwanawe, lakini ndiye aliyekuwa akitoa hukumu.

"Hapo amekaa tu," alisema. "Kukaa hata hapa nyumbani anakaa. Futa."

Tukafuta benchi moja baada ya jingine. Shemeji akapima nafasi. Bado. Tukafuta tena. Karibu, lakini bado. Mwishowe ikabaki mechi moja tu, kubwa kuliko zote, kwa sababu siku hiyo timu iliajiri mpiga picha wa harusi mwenye kamera mbili.

Shemeji akaondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeungua.

"Hii siwezi, Shemeji. Hii ndiyo ile ya goli."

Mume wangu ana goli moja maishani. Halijulikani katika nyumba hii tu, linajulikana na kinyozi wake, na mwenye duka, na mpaka mchukua taka. Mimi mwenyewe nimelisikia mara nyingi kuliko kiapo cha ndoa, ila kuliona sikuwahi. Likitajwa huwa nakumbuka kazi jikoni. Nikasema tulione basi, tujue tunafuta nini.

Dakika za mwisho. Anaingia, anavuta soksi. Inapigwa kona. Mume wangu amegeukia benchi, nadhani anamuuliza kocha asimame wapi. Mpira unakuja, unampiga kisogoni, unaingia wavuni. Yeye anaanguka kifudifudi. Anapoinuka anakuta wenzake wamemnyanyua juu juu, na uso wake unaonyesha wazi kwamba hajui ni kwa nini.

Shemeji alikohoa. Binti alitazama dari.

"Goli ni goli," alisema Mama mkwe. "Hawaandiki limeingilia wapi."

Sitawaficha, ule uso ulinigusa. Ukiwa mke wa mtu wa benchi, unajua furaha ya namna ile haimjii kila wiki. Nikasema tuihamishe hiyo mechi mahali pengine kwanza. Lakini flashi moja ya Shemeji imejazwa Kumi pamoja na ile Kumi na Moja, na ya pili imekufa siku nyingi. Anaivaa kwa heshima ya kazi. Nilikimbia kununua nyingine dukani pa vifaa, pale kwenye kona. Kufuli. Mwenyewe kaenda harusini. Simu zetu zote zimejaa.

Nilipofika nyumbani nilikuta binti anafuta picha zake kwenye simu. Zote. Za shule, za rafiki zake, za sherehe ya kumaliza kidato. Sikumwambia afanye hivyo.

"Mechi nzima haiingii," alisema, "lakini nitalirekodi goli la Baba hapa hapa kwenye kioo."

Tukakaa kimya kama tuko msikitini. Kona ikapigwa. Mpira ukawa hewani. Na wakati huo huo Mama mkwe akainama mbele kuhakikisha kama ni kisogo au ni sikio.

Binti alitufungulia alichopata. Kilikuwa kilemba cha bibi yake, chenye maua ya zambarau, kimeziba kioo chote, na nyuma yake umati unashangilia.

"Rudia," nikasema. "Mama, tafadhali, egemea kiti."

Hatukurudia. Simu yangu iliita.

Mume wangu alikuwa na furaha kiasi kwamba hakunipa nafasi ya kusema haloo. Mechi imekwisha, yeye hakuingia, lakini hilo si kitu. Pale benchi kumezuka ubishi. Yuko kijana mgeni timuni anayesema kwamba mume wangu hajawahi kufunga goli, na kocha, ambaye siku ile alikuwa amegeuka kunywa maji, hakumbuki. Kwa hiyo wanakuja. Benchi zima na kocha.

"Washa kompyuta, mke wangu," alisema. "Panga viti."

"Baba watoto, sikiliza kwanza, kuna jambo hapa..."

"Tumeshafika kwenye kona," alisema, na simu ikakatika.

Kona ninayoijua mimi ndiyo ile yenye kufuli. Kutoka pale hadi mlangoni kwetu mtu hamalizi kuvaa kandambili.

Nilifikiri haraka, kama tulivyokuwa tukifikiri ghalani lori likiwa limeshaegesha. Wakishakaa, hakuna mtu atakayefuta kitu mbele ya benchi zima. Na hawataangalia goli peke yake. Mume wangu haanzii katikati, anaanzia kupeana mikono. Wakimaliza watarudia, na Shemeji, ambaye ni shabiki kuliko injinia, atakaa nao mpaka mwisho. Kumi yenyewe inachukua saa nyingi kukaa sawa. Kesho asubuhi kamera ya mtihani itawaka na mwanangu hatakuwepo.

Ningeweza kumsubiri nimuulize. Nalijua jibu lake. Angesema tutafute njia ya katikati. Njia ya katikati tulikuwa tumeshaipita mchana, nayo ilikuwa kuku.

Nikamgeukia Mama mkwe. Ndiye mwenye mtoto.

Alifikiri kidogo. "Saba inabaki?"

"Inabaki."

"Na karata?"

"Zimo ndani ya Saba."

Alimtazama mwanawe kwenye kioo, amebebwa juu mabegani, mdomo wazi. Akavuta kilemba chake sawasawa.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Futa. Akiuliza, mimi nilikuwa nimelala."

Na kweli akafumba macho.

Shemeji aliinua mikono yote miwili na kurudi nyuma hadi ukutani. Alisema yeye hayumo, yule ni kaka yake wa tumbo moja. Lakini niliona kwamba flashi ya Kumi ameiacha pale pale, imechomekwa.

"Ukiitupa kwenye pipa tu bado inakula nafasi," aliongeza kutoka ukutani, kwa sauti ya mtu asiyekuwemo. "Na pipa lazima limwagwe."

Nje nilisikia vicheko na viatu vya mpira vinakwaruza zege. Sauti ya mume wangu ilikuwa juu ya zote. Alikuwa anawaeleza ile kona, jinsi alivyoisoma mapema.

Binti akashika mkono wangu.

"Mama, usifute. Ni goli la Baba. Nimeshasema nitafanya mwakani."

Yeye peke yake katika nyumba ile alikuwa na haki ya kuniambia nifute, na ndiye aliyenizuia. Hapo ndipo nilipoamua.

Nilivuta kompyuta mapajani. Nikaichagua mechi, nikaitupa. Nikafungua pipa, nikabonyeza limwagwe. Ikaniuliza kama nina uhakika, maana kikishatoka humu hakirudi. Miaka yote niliyofanya kazi ya ghala hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa adabu namna ile.

Nikabonyeza ndiyo.

"Shemeji, njoo umwingize huyo Kumi," nikasema. "Sasa hivi."

Alikuja mbio, akabonyeza vitufe vyake, kioo kikawa cheusi, kisha kikawa cha buluu. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka na mume wangu akaingia wa kwanza, jezi yake kavu, safi, imepigwa pasi, na nyuma yake kocha, na nyuma ya kocha benchi zima wanavua viatu. Akawaonyesha pa kukaa. Yule kijana mbishi akapewa kiti cha mbele kabisa, karibu na kioo.

"Mke wangu," alisema, akikaa na kuweka mikono magotini, "anzia mwanzo kabisa. Wasije wakasema tumekata."

Kwenye kioo, Kumi ilikuwa imefika asilimia moja.